Maji ya Jemadari

Wiki iliyopita binti yangu alirudi nyumbani na samaki. Alipewa na rafiki yake wa skuli anayehama mji, ndani ya gilasi ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa: beta dume, mwekundu, mapezi yake marefu kuliko mwili wenyewe. Nilimhamishia kwenye chombo kikubwa, nikamtilia jani kavu la mkungu, ule mti wa kungu, na mambo yakawa shwari mpaka siku ya tatu, mtoto aliponiita kutoka sebuleni. "Mama, maji yamekuwa kama chai. Namwaga yote nimtilie mapya."

"Usimwage!"

Ukelele ule hata mimi sikuutarajia. Mtoto akaangusha kikombe, akaanza kulia. Ikabidi nimpakate mapajani, mkubwa alivyo, nimbembeleze na kumwambia kwamba hakufanya kosa lolote. Harufu ya jani lile, harufu ya mti uliolowa baada ya mvua ya kwanza, ilikuwa imenikaa puani tangu asubuhi na sikuwa nimejua inanifanya nini. Kosa nililifanya mimi, nikiwa mdogo kuliko yeye, katika nyumba moja ya Wete ambayo mlango wake wa mbele haukufunguliwa kwa miezi minne na siku kumi.

Sisi kwetu Mgogoni. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa mjini Wete na fundi wa majokofu tuliyemwita Ami. Siku moja Ami alikuwa ameinama nyuma ya jokofu la watu, akaanguka, hakuinuka tena. Presha, walisema. Tulikwenda mazikoni kwa gari ya kukodi na mimi nikidhani jioni tutarudi. Baba alirudi. Mama alirudi na mdogo wangu mgongoni. Mimi nikaachwa na kifurushi cha nguo ambacho sikukiona kikifungwa. Shangazi hakujaaliwa mtoto, na mjane hakai eda peke yake. Bibi, mama yake, angekaa naye, na ikaonekana na mimi nitawafaa. Nikaandikishwa skuli ya pale na chuo cha Kurani cha nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniuliza.

Kila mtu wa kwetu anajua eda ni nini, lakini kujua na kuishi ndani yake ni mambo mawili. Mlango wa mbele ulitiwa komeo. Madirisha ya upande wa njia yalifungwa, na wanaume waliokuja kutoa pole walisimama barazani wakasema na ukuta. Wanawake waliingia kwa uani. Kioo kikubwa cha chumbani kilifunikwa kanga. Shangazi, ambaye zamani ukimkaribia unanusa asumini kabla hujamwona, hakupaka wanja wala hina wala marashi, akawa ananukia sabuni ya mche tu. Mimi niliruhusiwa kwenda skuli na chuoni, na kurudi moja kwa moja, maana Bibi husimama mlango wa uani akihesabu hatua zangu. Jioni nilikaa chini ya dirisha lililofungwa nikisikiliza watoto wa mtaa wakicheza rede. Nilikuwa sijawahi kuwaona vizuri nyuso zao, lakini kwa sauti nikijua nani kashika mpira, nani katoka, na nani anadhulumu. Nilimchukia Ami kwa kufa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na Mungu anisamehe.

Tulikuwa watatu, na mkekani zikiandaliwa sahani nne. Shangazi alipakua, mimi nikapeleka. Ile ya nne niliiweka upande wa ukuta, na tukishakula Bibi akiiondoa kimya kimya. Nilidhani ni ya mgeni, kwani Wapemba hatupakui chakula kwa hesabu ya waliopo tu.

Na palikuwa na Jemadari, samaki wa Ami.

Ami alimleta kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kununua vipuri, amemshika mapajani ndani ya mfuko wa nailoni safari nzima. Alikuwa buluu, buluu ya moto wa jiko la gesi, na ncha za mapezi nyekundu. Makazi yake yalikuwa chupa kubwa la kioo, yale ya dukani yanayotiwa pipi, juu ya kabati karibu na mlango wa mbele. Ami akirudi kazini humsalimu samaki kabla ya mtu. Humwekea kioo kidogo cha mkononi, na Jemadari akijiona hutanua mapezi na mashavu akataka kupigana na nafsi yake. Shangazi akicheka. "Mke mwenzangu huyo," akituambia. "Mie napewa salamu, yeye anapewa kioo."

Sikukuu moja, tulipokwenda kuwatembelea, nilimwona Ami akimtengenezea maji. Alhamisi asubuhi alijaza ndoo kwa maji ya mfereji, akaiacha wazi uani. "Yana ukali wa dawa haya," alinambia. "Lazima yalale." Ijumaa, kabla ya kwenda kusali, alichota kwa kata maji ya ndani ya chupa, kata tatu tu, akaumwagia mpapai, kisha akarudishia kata tatu za yale yaliyolala. Jani la mkungu likibaki humo humo, na maji yakibaki na rangi ya chai nyepesi. "Huyu kwao ni kwenye mabonde ya mpunga, kama nyinyi watu wa Mgogoni," alisema. "Maji yake ni ya majani." Mimi nilitazama, nikamwona ni mvivu. Kwetu mama akikuta mtungi umebakiza maji ya jana anamwaga.

Wiki ya kwanza ya eda, Shangazi alisimama mbele ya kabati akaliegemeza paji lake kwenye ukuta. Samaki alikuwa hajalishwa siku mbili na hakuna aliyemkumbuka. Aliniita bila kugeuka.

"Mwanangu, huyu nakukabidhi weye. Mie siwezi kumtazama. Mpe chakula chake, muweke kwenye maji safi. Asife tu."

"Hafi, Shangazi," nikasema.

Bibi alikuwa na kopo la komwe, zile mbegu za kuchezea bao, na kila Magharibi ikiingia hutoa moja na kuitia kwenye mfuko. Kopo likiwa tupu, tunatoka. Mwezi ukiandama kwa siku ishirini na tisa alitoa komwe mbili kwa mpigo, na siku hizo mimi nilifurahi kuliko mwenye kupata sikukuu. Nilimuuliza mara nyingi lini tutatoka, hata akachoka na mimi.

"Miezi minne na siku kumi, tokea siku aliyokufa ntu. Nishakwambia."

"Na akifa mwengine?"

Alikuwa katikati ya uradi, vidole juu ya tasbihi. "Kila kifo na hesabu yake, mwanangu. Mungu atunusuru."

Yeye alikuwa na maana kila mjane huhesabu yake. Mimi nilielewa jengine, na nililielewa kwa uhakika kabisa: kifo kikiingia tena nyumba hii, kopo linajazwa upya. Nikaanza kuwatazama waliomo ndani kwa jicho la kuwapima nani atatuponza. Shangazi alikuwa hali vizuri. Bibi alikuwa na kikohozi. Akikohoa mara moja tu, mimi mbio na asali na tangawizi, naye akiniinulia mikono kuniombea kheri, hana habari kwamba namlinda kwa ajili ya rede. Lakini wa kutiliwa shaka zaidi alikuwa Jemadari. Nani asiyejua samaki hufa upesi?

Sasa, maji safi ni yepi? Mtoto wa leo angeuliza simu. Mimi nilikuwa na chuo, na kama bahati, au kama balaa, mwezi ule Maalim alikuwa ameanza kutusomesha mlango wa maji, somo la maji gani ni safi kwa ibada. Tuliimba kwa pamoja mpaka tukayajua kwa moyo. Maji mengi, yaliyofika kulateni, hayaharibiki kwa kuingia najisi mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Maji machache, najisi ikiingia tu, yameharibika, hata kama macho hayaoni kitu.

"Kulateni ni kiasi gani, Maalim?"

"Lile pipa la mafuta la hapo nje, na kidogo juu yake."

Chupa la Jemadari halikujaza hata ndoo ndogo, na Jemadari alikula humo, akalala humo, na haja zake zote akazifanya humo humo. Nikanyoosha kidole. "Maalim, na samaki akijisaidia ndani ya maji?"

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Maalim mwenyewe alifunika mdomo kwa kitabu. "Na bahari ni kulateni ngapi?" akaniuliza. "Kaa chini."

Nilikaa, lakini jibu langu nilikuwa nalo. Jemadari hakuwa baharini. Jemadari alikuwa kwenye maji machache, yaliyobadilika rangi juu yake, na Shangazi kasema maji safi. Kumbe ndiyo maana Ami kafa, nikafikiri; alikuwa hajui tohara ya maji. Nilirudi nyumbani nikalitoa jani la mkungu kwa vidole viwili, nikalitupa juu ya ukuta wa uani.

Tangu siku ile nilimbadilishia Jemadari maji mara tano kwa siku, kabla ya kila sala. Nilimtia kwenye kikombe cha bati, nikamwaga chupa zima, nikalisugua kwa sabuni ya unga mpaka likalia chini ya vidole. Nikalisuuza mara tatu, nikajaza maji ya mfereji papo hapo, yakiwa bado yana mapovu ya kutoka bombani. Kisha nikakagua kama nilivyofundishwa. Rangi: hakuna. Ladha: nilionja, naam, kila mara nilionja. Harufu: palikuwa na harufu kidogo ya dawa, ile ya zahanati, na mimi nikaona hiyo ndiyo harufu ya usafi wenyewe. Wanawake waliokuja kumtazama Shangazi wakinisifu. "Mashaallah, maji yang'ara kama hayamo! Ntoto huyu atakuwa na mume mwenye bahati." Nilivimba kichwa. Mara ya kwanza tangu kuletwa pale nilikuwa na jambo langu, na nilikuwa nalifanya sawasawa.

Jemadari alianza kukunja mapezi. Hakuyatanua tena, aliyabana mwilini kama mwavuli uliofungwa. Kisha ukamvaa utando mweupe, mwembamba, na mimi nikadhani ni uchafu wa zamani unamtoka, nikafurahi. Aliacha kula. Akawa analala chini ya chupa kwa ubavu, na mara moja moja anajikokota mpaka juu kuvuta pumzi, maana samaki wa aina yake huvuta hewa kama sisi, halafu anaanguka tena.

Leo najua. Dawa ya mfereji ilimuunguza, sabuni ilimuunguza, na kila alipoanza kuyazoea maji nilimnyang'anya nikampa mengine. Maji yake ya chai yalikuwa yakimponya. Yale yangu ya kung'ara yalikuwa yakimchuna ngozi. Wakati ule nilijua jambo moja tu la kufanya nikiona mambo yanaharibika, nalo ni kufanya zaidi lile lile. Nikabadilisha mara saba. Nikabadilisha mara tisa. Nikasoma sura zote fupi nilizozijua nikipuliza juu ya chupa.

Siku moja Bibi alikuwa akimbembeleza Shangazi ale. Mimi nipo pale, nimelipa mgongo kabati ili wasilione chupa. "Useme kama unaumwa, mwanangu," Bibi akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Shangazi akasema haumwi. Nilihisi maneno yale yamenijia mimi, yamezunguka Shangazi tu kama njia ya kupitia.

Jemadari alikufa Ijumaa, wanaume wako msikitini na mtaa umenyamaza. Nilikwenda kumbadilishia, nikamkuta juu, amelala juu ya maji na jicho moja limetazama dari. Nilimgusa. Nikamgusa tena. Nilikwenda kuchungulia kopo la Bibi: zilibaki komwe thelathini na tatu. Thelathini na tatu! Nikakaa sakafuni jikoni nikaziba mdomo kwa mikono miwili nisisikike.

Nilimzika chini ya mpapai, ndani ya kipande cha kitambaa cheupe nilichokikata kwenye shumizi yangu. Nikalijaza chupa maji, nikalifunika kwa kitambaa cha meza. Bibi alipouliza, nikasema siku hizi Jemadari anapenda giza. Bibi akasema hata yeye.

Basi nikawa na hesabu mbili. Ya Bibi ilikuwa kwenye kopo na ikipungua. Yangu niliichora kwa chaki ukutani nyuma ya choo, na ilianzia moja. Nikisema, Shangazi atalazimika kuanza upya, miezi minne na siku kumi nyengine kwenye chumba chenye kioo kilichofunikwa, na mimi ndiye niliyemfungia. Nisiposema, atatoka kabla ya wakati, na dhambi ya mjane anayevunja eda Maalim alikuwa ameshatueleza. Nililigeuza upande huu na huu, na kila upande nilikuta ukuta. Niliogopa kumtazama Shangazi machoni. Siku nyengine alikaa karibu na dirisha lililofungwa, ameweka kiganja juu ya ubao wake kusikiliza njia, nikatamani nimpigie magoti. Sikupiga magoti. Nilikwenda kubadilisha maji.

Ndiyo, niliendelea kuyabadilisha. Mara tano kwa siku, ya chupa tupu. Nilimwaga, nikasugua, nikajaza, nikarudisha kitambaa. Ningeacha, wangejua. Lakini si kwa ajili hiyo tu. Mikono yangu ilikuwa imezoea, na kwa muda ule mfupi wa maji kumiminika niliweza kudhani yumo.

Siku moja Shangazi alisimama nyuma yangu nikiwa bado nimelikumbatia chupa lililofunikwa. Alikuwa hajaniuliza habari za samaki tangu ile wiki ya kwanza.

"Jemadari kala?"

"Kala."

"Na maji yake safi?"

"Safi, Shangazi."

Alinitazama, mimi natazama vidole vya miguu yangu. "Ahsante, mwanangu," akasema, akaenda zake. Ile ahsante ilinichoma kuliko kofi.

Komwe ya mwisho ilitoka. Asubuhi yake wanawake walijaa uani na beseni na mabuli na vyungu. Walimwogesha Shangazi kwa maji yaliyotiwa asumini. Wakamfukiza udi, wakamvika gauni jipya na kanga mpya ambayo bado ilikuwa na ukakamavu wa dukani, wakampaka hina viganjani. Kioo kilifunuliwa. Mtu alianza kupiga vigelegele, akakumbuka ni nyumba ya nani, akavikatiza. Hata hina haijakauka, Bibi akasema saa imefika, atoke ende akawasalimu majirani waliokuja barazani kwa miezi yote ile. Wakalitoa komeo la mlango wa mbele. Lilikuwa limeshika kutu, likahitaji kugongwa kwa mchi.

Mlango ulipofunguka na jua kuingia, mimi nilikuwa nimeshakaa kizingitini, nimeshika miimo miwili.

"Ondoka mlangoni, ntoto weye, watu wapite," Bibi akasema.

"Shangazi asitoke."

"Nini?"

"Asitoke! Eda haijesha!"

Uwanja mzima wa wanawake ulinigeukia. Bibi alitazama huku na huku kwa haya. "Nani kakwambia hino? Komwe nimezihisabu mwenyewe, moja moja."

"Jemadari kafa." Nilipolitoa hilo, mengine yalifuata yenyewe, na machozi na kamasi. "Kafa zamani. Mie ndiye niliyemuua, na nikamzika pale kwenye mpapai. Na weye Bibi umesema kila kifo na hesabu yake. Yake imekwenda siku thelathini na tatu tu, zimebaki tisini na saba. Nimeandika nyuma ya choo."

Kwanza alicheka mmoja, kisha wakapasuka wote. "Eda ya samaki, jamani!" mmoja akasema, ameshika ubavu. Bibi akawa anasema astaghfirullah na huku mabega yanamtikisika. Shangazi peke yake hakucheka. Aliinua mikono yake miwili yenye hina, wakanyamaza. Akachutama mbele yangu, viganja vimeangalia juu asichafue gauni.

"Nilijua," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile ile uliyolifunika chupa nilijua. Nilijikaza nikasema leo ntamtazama. Nikafunua kitambaa, nikaona maji matupu."

"Mbona hukunambia?"

"Na weye mbona hukunambia mie napakua sahani ya nne?"

Sahani ya nne. Ya mgeni, nilidhani. Nikamtazama Bibi, na Bibi hakuwa akicheka tena. Alikuwa anapangusa macho kwa upindo wa kanga.

"Kila siku nakupa mkononi, unakwenda kuiweka pale pake, huniulizi," Shangazi akasema. "Mie nikijua hayupo. Najua, lakini mkono unapakua. Nilipoona na weye wayabadilisha maji ya chupa tupu, nikasema namwache ntoto. Siku atakayoacha mwenyewe, ataacha."

"Na hesabu?"

"Samaki haachi mjane, mwanangu. Hesabu ilikuwa ya mume wangu, na yake imekwisha. Mie nimemkalia yeye, weye umenikalia mie. Basi. Inuka tutoke."

Nilitaka kuinuka. Wallahi nilitaka. Nilikuwa nimeliota jua lile usiku na mchana, na sasa lilikuwa limenigusa mgongo, na miguu ikakataa. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania miimo kana kwamba mlango ule ni wa kwangu kuulinda mpaka siku ya tisini na saba iishe.

"Siwezi," nikasema.

Shangazi hakubishana. Alinikamata kifundo cha mkono kwa kiganja chake chenye hina mbichi, akanibandua, akatanguliza mguu wa kulia akatoka, na mimi nikiburutwa nyuma yake. Bibi akapiga kelele, "Hina, hina!" Hakumsikiliza. Alinishika vile vile barazani akisalimu watu, na njiani, mpaka kwenye mkungu uliopo kabla ya msikiti. Pale alisimama. Aliokota jani kavu, akalipuliza vumbi, akalinusa kwa macho yaliyofungwa, kisha akanipa na mimi. Alikuwa bado hajauachia mkono wangu.

Kwenye udhu wa adhuhuri niliona: vidole vinne na gumba, rangi ya chungwa, vimekizunguka kifundo changu. Nilimimina maji juu yake, nikasugua kwa sabuni kwa nguvu zangu zote nilizozoea. Havikutoka. Alasiri havikutoka. Vilitoka kidogo kidogo, udhu baada ya udhu, kwa siku nyingi. Na siku niliyotazama nikaona ngozi yangu mwenyewe tu, nilikuwa nimesharudi kwetu Mgogoni, nje, nimeshika mpira wa rede, na wenzangu wananipigia kelele nirushe.